Kidole Chini ya Mstari

Huku Tukuyu mvua haibishi hodi.
Inaingia Jumatatu, inalala hadi Jumamosi,
na fundi anayechimba msingi anajua:
udongo huu mweusi ni laini kama uji wa mgonjwa,
shuka mpaka sururu igonge mwamba,
au jenga, kisha uhesabu masika.

Mimi ni fundi. Nimejenga Katumba, nimejenga Kiwira,
nyumba ya mwalimu Mwaisumo, zizi la Anyambilile,
na wote wananisihi jambo lilelile:
"Huko chini punguza, fundi,
pesa iende kwenye bati la rangi."
Msingi hausifiwi na mgeni.
Hakuna bwana harusi aliyepigia picha shimoni.

Biblia ya mama ilikaa kwenye kichanja, juu ya moto,
ndani ya mfuko wa mbolea,
imefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Ukiifungua, moshi unatoka kabla ya neno.
Pembeni mwa Zaburi, kwa penseli:
*Leo Lugano kazaliwa, saa ya kukamua.*
Pembeni mwa Ayubu: *Deni la mbolea, elfu kumi na nane.*
Kwenye Maombolezo hakuandika kitu,
ila kurasa zimevimba kama zilinyeshewa.

Alisoma mpaka darasa la tatu.
Kidole chini ya mstari, polepole,
kama avukaye mto jiwe kwa jiwe,
ulimi wake wa Kinyakyusa ukigeuza kila r kuwa l:
loho, kalama, lehema.
Sisi tulicheka chini ya blanketi.
Leo nikisikia "rehema" imetamkwa sawasawa
naona imepungukiwa na kitu.

Mwaka Lugano alipovimba miguu
na hospitali ikaturudisha nyumbani,
alikuja mtume mmoja Uyole, na hema, na spika,
na mafuta kwenye vichupa, elfu tano kimoja,
elfu kumi ukitaka jibu kabla ya Ijumaa.
Shangazi Tupokigwe akanunua viwili.
"Mpake mwanao, usiwe na moyo mgumu."
Mama hakubisha. Alifuta mikono kwenye kitenge,
akashusha mfuko wa mbolea, akasema:
"Nionyeshe ni wapi.
Nipe sura, nipe mstari.
Nasoma taratibu, lakini nitafika."

Shangazi akafungua, akafunga, akafungua.
Mvua ikapiga bati.
Chai ikapoa.

Sitadanganya: Lugano alikufa,
mwezi wa nne, bonde lote likiwa ukungu.
Watu walisema, wengine mbele yake,
kwamba kitabu kimemuua mtoto.
Usiku wa matanga nami nikamuuliza kwa hasira,
"Sasa kimekusaidia nini?"
Alinyamaza mpaka kuni zikaporomoka.
"Hakikuniahidi kwamba sitalia.
Kiliniambia nani atakuwepo nikilia.
Yule wa hema aliniahidi Ijumaa."

Sikumwelewa. Nilipanda gari la Mbeya,
nikakaa miaka sita bila kusali,
nikiinua kuta za watu Mwanjelwa.

Kilichonirudisha si mahubiri. Ni ukuta.
Nilimsikiliza mwenye pesa: msingi mfupi, rangi ya krimu.
Masika mawili tu, ufa,
ukaanzia chini, kama nyufa zote.
Nikapiga magoti kuupima, tochi mdomoni,
nikafukua, nikakuta udongo mtupu.
Nikaitoa tochi, nikasema kwa sauti, sijui kwa nani:
"Nionyeshe ni wapi."

Mama hayupo. Mfuko wa mbolea ninao.
Jioni ninasoma, kidole chini ya mstari,
na binti yangu Asifiwe ananisahihisha,
maana na mimi, nikichoka, natamka lehema.
Siku nyingine sielewi ukurasa mzima.
Sirukii mbele. Nauacha wazi, nalala, narudi.

Jana niliandika pembeni, kwa penseli ya kazi,
ile bapa ya kuchorea mbao:
*Futi nne. Bado mwamba.*